KONEA YA MSAADA HUKAGULIWA VIPI? SOMO KUTOKA SOKO LA DARAJA MBILI

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa sayansi katika jarida letu. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya kompyuta, lakini jambo moja lililotokea darasani mwetu likanibadilisha nia. Jambo lenyewe nitalieleza punde si punde. Kwanza naomba twende sokoni.

Siku ya soko, Daraja Mbili hujaa watu hadi ukakosa pa kukanyaga. Ndizi, miwa, mboga, kuku, mitumba, kila kitu kimetandazwa, na kila mtu anapiga kelele. Bibi yangu, ambaye sisi nyumbani humwita magokoro, huuza maparachichi hapo. Ukitaka kumkasirisha, chukua parachichi lake ulibonyeze kwa kidole gumba. "Wewe mtoto, wacha kufinya! Ukishalifinya ulirudishe, mimi nitamuuzia nani?" Yeye mwenyewe hafinyi. Hulilaza kiganjani, akalitazama rangi, kisha akakigusa kile kikonyo kidogo kilicho juu. Kikibanduka kwa urahisi na chini yake pakawa kijani, parachichi ni zuri. Pakiwa pa kahawia, ndani limeharibika, hata kama ganda linang'aa. Basi humwambia mteja, "Hili ni la leo, hili ni la Jumamosi, na hili usichukue." Wateja humrudia kwa sababu ya hilo neno la tatu, "usichukue."

Kwa magokoro nimejifunza kwamba kuna vitu ambavyo huwezi kuvikagua kwa kuvipasua. Ukivipasua ndiyo utajua, lakini utakuwa umeviharibu. Konea ya jicho la marehemu, inayotolewa ili apandikizwe mtu aliye hai, ni kitu cha namna hiyo. Ni lazima ijulikane kama ni nzima, na ijulikane bila kuguswa pale inapoumia. Hilo ndilo somo letu la leo.

Swali la mwenzangu

Sasa lile jambo la darasani. Mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja tangu Kidato cha Kwanza alikuwa akibadilisha miwani kila baada ya muda mfupi. Kila miwani mpya ilimfaa miezi michache tu, kisha maandishi ya ubaoni yakawa mawili mawili, yamevutika kama kivuli cha jioni. Tena alikuwa na mazoea ya kuyasugua macho yake kwa ngumi, maana yalimwasha tangu utotoni. Sisi tulimcheka tukisema anasinzia. Kumbe sivyo. Daktari wa macho alimweleza kwamba ana ugonjwa uitwao keratokonasi. Konea inakuwa nyembamba, kisha inasukumwa mbele ikachongoka kama ncha ya yai.

Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu husaidiwa kwa miwani, au kwa lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho. Aidha, siku hizi kuna matibabu ya dawa ya matone na mwanga maalumu ambayo huikaza konea isiendelee kuchongoka, ikiwa mgonjwa amewahi mapema. Mwenzangu hakuwahi. Jicho la kushoto lina nafuu, lakini la kulia limepata kovu, na dawa iliyobaki ni kupandikizwa konea ya mtu mwingine. Jina lake liko kwenye orodha. Anangoja.

Siku moja wakati wa mapumziko aliniuliza hivi, "Na wakiniwekea jicho bovu, je? Nani atajua?" Nilinyamaza. Mimi ambaye hupata alama nzuri za Biolojia, nilinyamaza! Ndipo nikamwendea mwalimu wetu wa Biolojia akaniazima vitabu, na muuguzi mmoja wa macho hapa mjini akakubali kunifafanulia yaliyonishinda. Mwenzangu ameniruhusu kuandika haya bila kutaja jina lake.

Konea ni nini?

Konea ni kioo cha mbele cha jicho. Ukimtazama mtu machoni, ule weusi au ukahawia unaouona uko nyuma ya konea. Konea yenyewe huioni, kwa sababu ni angavu. Upana wake ni milimita 11 hadi 12 hivi, na unene wake katikati ni kama nusu milimita. Haina mishipa ya damu. Watu wengi hudhani kwamba lenzi ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuupinda mwanga ili uifikie retina sawasawa. La hasha! Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na konea.

Kwa ajili ya somo letu tukumbuke matabaka matatu. Mbele kuna ngozi nyembamba ambayo hujiponya ikikwaruzwa. Katikati kuna stroma, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya unene wote. Nyuma kabisa kuna safu moja tu ya seli, iitwayo endotheliamu. Safu hii ndiyo roho ya konea. Kazi yake ni kuyatoa maji ndani ya stroma usiku na mchana. Ni kama wavuvi wanaochota maji katika mtumbwi unaovuja. Wakipumzika kidogo tu, mtumbwi unajaa.

Ili nisiandike ya kusikia tu, tulinunua macho mawili ya ng'ombe kwa mwenye bucha asubuhi, yakiwa mabichi kabisa. Mbele ya mwalimu tulikata konea ya jicho la kwanza tukaitia katika glasi ya maji ya mfereji. Jicho la pili tulilifunika kwa pamba yenye unyevu, tukalifungia ndani ya mkebe na kuliweka penye baridi. Kesho yake, ile konea ya kwanza ilikuwa imevimba kama mkate uliolowa chai, nyeupe yenye rangi ya samawati. Tuliiweka juu ya gazeti, hatukusoma hata kichwa cha habari. Jicho la pili lilikuwa na ukungu kidogo, lakini mboni ilionekana. Hakukuwa na kidonda wala sumu. Maji tu! Konea ikilowa maji ndani yake, haionyeshi tena.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu seli hizo za nyuma. Kwa binadamu, zikifa hazizaliwi nyingine. Jirani zake hujitanua ili kuziba pengo, basi. Mtu mzima huwa nazo kama 2500 hadi 3000 katika kila milimita moja ya mraba, nazo hupungua polepole kadiri anavyozeeka. Zikipungua sana, zikafika 500 hivi, haziwezi tena kuyatoa maji yote, na konea huanza kuvimba. Kwa hivyo mtu anayepandikizwa konea nzima hupewa kioo pamoja na akiba ya seli za kumtumikia miaka ijayo. Swali la mkaguzi ni hili: Je, akiba hiyo inatosha?

Hatua ya kwanza: Kumjua aliyetoa

Nilidhani ukaguzi huanza kwa hadubini. Kumbe huanza kwa maswali. Marehemu alikufa kwa nini? Saa ngapi? Alikuwa akiugua nini? Jamaa huulizwa kwa upole na faili ya hospitali husomwa. Damu yake hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa ubongo usioeleweka haruhusiwi kutoa konea.

Sharti hilo la mwisho lilitokana na msiba. Nchini Marekani, mwaka 1978, konea ya mtu aliyedhaniwa amekufa kwa ugonjwa mwingine wa neva alipandikizwa mwanamke mmoja. Baadaye mwanamke huyo akafa kwa kichaa cha mbwa. Walipochunguza, wakakuta kwamba mtoaji naye alikuwa na ugonjwa huo huo, na konea ndiyo iliyoubeba. Konea ile haikuwa na doa. Wahenga hawakukosea waliposema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa upande mwingine, kuna mambo ambayo watu hudhani yanazuia, na hayazuii. Kuvaa miwani hakuzuii. Mtoto wa jicho hazuii, maana huyo huharibu lenzi, si konea. Uzee peke yake si lazima uzuie. Hata waliokufa kwa saratani nyingi wanaweza kutoa konea, isipokuwa saratani ya damu na nyingine chache, ikiwemo ile ya jicho lenyewe.

Kisha kuna saa. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Konea hutakiwa itolewe mapema baada ya kifo, yaani ndani ya muda wa saa 6 hadi 8 hivi, na muda huo huongezwa kidogo kama mwili uliwekwa mapema penye baridi. Wakati wa kungoja, kope hufungwa vizuri, pamba yenye unyevu huwekwa juu yake, na kichwa huinuliwa kidogo kwa mto. Hapa penye wosia huu, hata jamaa asiyesoma anaweza kusaidia. Jicho lililoachwa wazi upepo ukalipiga hukauka, na seli zake hufa bure.

Tena, mara nyingi jicho zima haliondolewi. Hukatwa ile konea pamoja na ukingo mdogo wa weupe unaoizunguka, ili mkaguzi na daktari washike ukingo, si kioo. Kope zikifungwa, uso wa marehemu unabaki kama ulivyokuwa.

Hatua ya pili: Mwanga

Mkaguzi huanza na tochi ndogo. Huangalia kama konea inaonyesha, kama ina kidonda, kovu, uchafu, au ile nyama inayotambaa kutoka pembeni mwa jicho. Halafu huipeleka kwenye hadubini yenye mwanga mwembamba, mwembamba kama ule unaoingia kwenye ufa wa mlango asubuhi. Mwanga huo hupita ndani ya konea ukaikata kama kisu, lakini bila kuikata. Hapo ndipo nilipomkumbuka magokoro na kikonyo chake.

Kwa mwanga huo mkaguzi hupitia tabaka moja baada ya jingine. Mbele: je, ngozi imebanduka? Ikiwa imebanduka kidogo, si hoja kubwa, kwa kuwa ya mgonjwa mwenyewe itaota. Katikati: kuna doa la usaha? Kuna kovu? Imevimba? Ile duara ya kijivu ambayo wazee wengi huwa nayo pembeni mwa konea si kosa, mradi katikati ni peupe pa kutosha. Nyuma: kuna mikunjo? Mikunjo michache ni dalili kwamba konea imevimba kidogo, na inaweza kunyooka baadaye. Ikiwa mikunjo ni mingi na ya kina, seli zilizo juu ya migongo ya mikunjo hiyo zimeumia. Kila kitu huandikwa kwa daraja, tangu nzuri kabisa hadi mbovu, karibu kama sisi tunavyosahihishiwa insha.

Hatua ya tatu: Kuhesabu

Sasa ngoja nikueleze sehemu niliyoipenda zaidi. Kuna hadubini nyingine maalumu inayopiga picha ya ile safu ya nyuma bila kuigusa, konea ikiwa ndani ya chupa yake. Lakini kwanza chupa hutolewa kwenye jokofu ikaachwa ipate joto la chumba, kwa sababu seli zikiwa baridi mipaka yake haionekani vizuri. Picha ikitoka, unaona seli zenye pembe sita zimepangana kama sega la nyuki. Safu nzima ya afya huwa na seli zinazolingana. Ukiona moja kubwa na nyingine ndogo, pembe zimepotea, ujue zilizokufa zimeacha mapengo na jirani wamejitanua.

Kisha mkaguzi huhesabu. Hesabu hii ni ile ile ya kuhesabu majani uwanjani kwa fremu ya mraba katika Biolojia. Tuseme fremu ya picha ina urefu wa milimita 0.25 na upana wa milimita 0.2. Eneo lake ni milimita za mraba 0.05. Tuseme tumehesabu seli 130 ndani yake. Seli zinazokatwa na mstari huhesabiwa kwa pande mbili tu, na kwa pande mbili nyingine huachwa, ili tusihesabu zaidi. Basi:

130 ÷ 0.05 = 2600

Yaani seli 2600 kwa kila milimita ya mraba. Kwa upandikizaji unaotegemea safu hiyo ya nyuma, benki nyingi za macho hutaka zisipungue 2000. Konea yetu imepita.

Haya, tuendelee kidogo. Daktari akikata kipande cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 8, nusu kipenyo ni 4, na eneo ni 22/7 × 4 × 4, yaani kama milimita za mraba 50. Mara 2600, tunapata seli kama 130,000. Hiyo ndiyo akiba anayokabidhiwa mgonjwa. Nyingine zitapotea wakati wa upasuaji, na nyingine zitaendelea kupungua kila mwaka. Ndiyo maana mkaguzi hawezi kusema, "Inatosha leo." Lazima aseme kama itatosha miaka mingi ijayo. Magokoro angesema, "Si la leo tu, ni la Jumamosi pia."

Hatua ya nne: Chupa na uamuzi

Konea haigandishwi. Ikiganda, vipande vya barafu hupasua seli. Zamani jicho zima liliwekwa katika chupa yenye unyevu, katika baridi ya nyuzi 4 hivi, likatumiwa ndani ya siku mbili. Siku hizi konea hutiwa katika dawa yenye chumvi, vyakula vya seli, viuavijasumu na vitu vinavyovuta maji yasiivimbishe. Kwa dawa hizo, konea huweza kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kwa muda usiozidi siku 14. Barani Ulaya, benki nyingi huiweka katika joto linalokaribia la mwili, ikakaa karibu mwezi mmoja.

Ile dawa ya baridi huwa na rangi ya waridi. Rangi ikigeuka manjano, au dawa ikiwa na ukungu, huenda vijidudu vimeingia. Chupa hiyo huwekwa kando. Hakuna "wacha tujaribu".

Baada ya hayo yote ndipo uamuzi hutolewa, nao si wa ndiyo na hapana pekee. Konea yenye tabaka zote nzima huweza kupandikizwa nzima. Yenye kovu mbele lakini safu nzuri nyuma humfaa mgonjwa ambaye safu yake ya nyuma ndiyo iliyokufa. Na ile ambayo seli zake za nyuma ni chache? Hiyo inaweza kumfaa mgonjwa wa keratokonasi kama mwenzangu, kwa sababu mara nyingi safu yake mwenyewe ya nyuma bado ni nzima. Daktari huondoa matabaka ya mbele peke yake, akaiacha ile safu mahali pake. Hata isiyofaa kwa kuonea huweza kutumiwa kwa dharura kuziba jicho lililotoboka lisipotee. Na ikishindikana kabisa, kwa ruhusa ya jamaa, hutumiwa kuwafundishia madaktari wapya.

Tulikotoka na tulipo

Upandikizaji wa kwanza wa konea uliofaulu kwa binadamu ulifanywa na daktari Eduard Zirm huko Olomouc, katika nchi ambayo leo ni Cheki, tarehe 7 Desemba 1905. Mgonjwa alikuwa mfanyakazi wa shamba aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Konea ilitoka kwa mtoto wa miaka 11 ambaye jicho lake liliumia vibaya na ikabidi liondolewe. Zirm alipandikiza macho yote mawili. Moja lilishindwa, moja likaona. Wakati huo hapakuwa na chupa, hesabu, wala hadubini ya kupiga picha. Katika miaka ya 1930, Vladimir Filatov wa Odessa alieneza matumizi ya konea za marehemu, na mwaka 1944 benki ya kwanza ya macho ikafunguliwa New York na daktari Townley Paton.

Na hapa kwetu? Madaktari wa kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu walichapisha mwaka 1996 matokeo ya upandikizaji wao. Waligundua kwamba konea walizopandikizwa wagonjwa wa keratokonasi zilidumu vizuri zaidi kuliko za wagonjwa wengine. Nilipomsomea mwenzangu sentensi hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Soma tena." Leo kuna benki ya macho katika hospitali ya macho ya Lions SightFirst iliyoko Loresho, Nairobi. Majirani zetu wa Ethiopia walianzisha benki yao mwaka 2003. Lakini konea hazitoshi. Utafiti wa dunia nzima uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa kila konea moja inayopatikana, wanaohitaji ni watu 70. Kutoka hapa Kisii hadi Nairobi ni takriban kilomita 300. Mkipiga hesabu ya saa 6 na safari hiyo, mtaona kwamba jamaa hawezi kuanza kufikiri baada ya kifo. Afikiri sasa.

Neno la sokoro

Jioni moja nilimweleza babu yangu, yaani sokoro, mambo haya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, sisi humzika mtu akiwa mzima. Mimi nitakwendaje kwa wazee wangu bila macho?"

Sikumbishia. Si adabu, na tena hilo si swali la Biolojia. Nilimwambia tu kwamba sheria inalitaka neno lake mwenyewe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kutoa mwili wake au sehemu yake kwa wasia, kwa hati yenye sahihi yake na ya mashahidi wawili, au kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Na kuuza viungo ni kosa. Hapo akaniuliza swali ambalo sikulitarajia, "Na nikitoa, halafu waseme ni mabovu wayatupe? Si watakuwa wamenidharau?"

Usiku ule nililala nikilifikiria swali hilo. Mwenzangu anaogopa kupewa kibovu, na sokoro anaogopa kutoa kitupwe. Mwanzoni niliona hofu mbili. Lakini jibu lake ni moja. Mkaguzi anayeketi mbele ya hadubini, akahesabu seli moja moja, akaandika ukweli, ndiye anayemlinda yule kijana asipewe konea mbovu, na ndiye anayemheshimu yule mzee kwa kutafuta kila njia zawadi yake ifae. Akisema "hapana", hajamdharau aliyetoa. Amemhurumia anayepewa. Na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aliyetoa kwa moyo ametoa, hata kama konea haikupita.

Asubuhi nilimweleza sokoro hivyo. Hakusema ndiyo, wala hakusema la. Aliendelea kunywa uji wake. Lakini baada ya siku mbili, nikiwa ninafunga mkoba niende shuleni, aliniita akaniuliza, "Ulisema ni muda wa saa ngapi?"

Nikamwambia, "Sita, sokoro. Na macho yafungwe vizuri."

Akaitikia kwa kichwa.

Mwenzangu bado anangoja. Sasa ameacha kuyasugua macho yake, na nawaomba wasomaji wote muache pia. Macho yakiwasha, nendeni kliniki mapema. Na siku akiniuliza tena, "Nani atajua?" nina jibu. Kuna mtu atakayejua, kwa sababu atahesabu.

Zoezi la wasomaji
1. Kwa nini konea iliyotiwa maji ya mfereji iligeuka nyeupe?
2. Fremu ya milimita za mraba 0.05 ina seli 85. Tafuta idadi kwa milimita moja ya mraba. Je, konea hiyo inafaa kupandikizwa nzima? Ingemfaa nani?
3. Taja mambo mawili ambayo watu hudhani humzuia mtu kutoa konea, lakini hayamzuii.
4. Jadilianeni nyumbani, kwa adabu: je, zawadi iliyokataliwa na mkaguzi bado ni zawadi?